Inteki na ea klina za magari ya mbio: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Haya ndiyo maswali tunayoulizwa na wenye Subaru, Altezza, Mark X, Chaser na ndugu zao wanaopita gereji yetu hapa Tabora, pamoja na wanaopiga simu kutoka Kigoma, Urambo na Nzega. Tumeyajibu kwa mazingira ya huku. Ushauri mwingi unaoukuta kwenye simu umeandikwa na mtu anayeendesha kwenye lami inayooshwa na mvua mwaka mzima. Wewe kuanzia Juni mpaka Oktoba uko nyuma ya lori la tumbaku, na hilo linabadilisha majibu karibu yote.

Mkisema inteki mnamaanisha nini? Ni filta tu?

Filta ni sehemu yake moja. Inteki ni njia nzima ya hewa: mdomo unaovutia hewa kutoka nje, boksi la ea klina, filta yenyewe, bomba lenye sensa ya hewa, mpaka kwenye throto (mlango wa hewa unaofunguka ukikanyaga mafuta) au, kwa gari la turbo, yaani lenye pampu ya kusukumia hewa inayozungushwa na moshi wa eksozi, mpaka mdomoni mwa turbo.

Zinazouzwa madukani ziko za aina nne. Ya kwanza ni filta bapa ya kampuni nyingine inayoingia kwenye boksi lako lilelile. Ya pili ni koni au uyoga ulio wazi, unaokaa ndani ya boneti bila boksi. Ya tatu ni bomba refu linalopeleka filta chini, nyuma ya bampa au ndani ya madigadi. Ya nne ni koni iliyofungiwa kwenye boksi lake lenye mdomo wa kuvuta hewa ya nje. Ukituuliza bila kutaja gari, tutakwambia ya kwanza. Ukiwa na pesa na sababu, ya nne. Hizo mbili za katikati ndizo zinazotuletea kazi gereji.

Nitaongeza hosipawa ngapi?

Chache kuliko zinazoandikwa kwenye boksi. Tupige hesabu. Presha ya hewa hapa Tabora ni kama kilopaskali 88. Ea klina ya kiwandani yenye filta safi, gari likiwa kwenye resi ya mwisho, mara nyingi hupoteza kilopaskali moja au mbili tu. Maana yake hata ukiiondoa kabisa, injini ikavuta hewa bila kizuizi chochote, utarudisha asilimia moja au mbili. Kwa injini ya hosipawa 200 hizo ni mbili mpaka nne. Huwezi kuzihisi kwenye kiti. Utakachohisi ni sauti, na sauti ina tabia ya kuongeza mwendo kichwani.

Kabla ya kununua, pima. Kifaa unacho: ule mpira mwangavu wa maji ambao mafundi ujenzi hutumia kusawazisha msingi. Ukunje umbo la U, kila upande uwe na urefu wa mita nzima, mimina maji ya rangi mpaka nusu, ufunge kwenye ubao. Upande mmoja uunganishe kwenye bomba baada ya filta, mwingine uache wazi. Tafuta barabara tupu, gia ya tatu, resi mpaka chini. Mwenzako ndiye asome. Dereva aangalie mbele. Tofauti ya sentimita 10 kati ya pande mbili za maji ni sawa na kilopaskali moja hivi.

Kama tofauti haifiki sentimita 15 na filta ni mpya, inteki yako haina tatizo. Pesa hiyo peleka kwenye tairi au breki. Ikipita 30 na filta ni mpya, hapo kuna kitu cha kutafuta. Na kama ilipita 30 kwa filta iliyokuwemo, kisha ikashuka kwa filta mpya, basi ulikuwa unahitaji filta, si inteki.

Lakini si nasikia hewa baridi ndiyo nguvu?

Ni kweli, na ndiyo maana uyoga ulio wazi ndani ya boneti unatushangaza. Hewa ikipanda joto kwa nyuzi 10, inapungua uzito kwa asilimia 3 hivi. Saa nane mchana nje ni nyuzi 30. Ndani ya boneti, gari likiwa limesimama linaunguruma, nyuzi 60 ni jambo la kawaida. Hapo umeshapoteza karibu asilimia 9 ya hewa ili uokoe asilimia moja ya kizuizi. Ukianza kukimbia joto linapungua, lakini mabomba ya alumini yaliyokwisha kushika moto huchukua muda kupoa.

Chungulia ea klina yako ya kiwandani. Magari mengi ya Kijapani mdomo wake uko juu nyuma ya shoo au pembeni karibu na taa, mahali ambapo hewa ya nje inaingia kabla ya kupita kwenye rejeta. Yaani wahandisi walishakufungia inteki ya hewa baridi, na umeilipia tayari.

Gari nilinunua Dar ikiwa moto kweli. Huku Tabora imelegea. Inteki itarudisha?

Hapana. Tabora iko kama mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya huku ni nyepesi kwa asilimia 12 hivi ukilinganisha na ya pwani. Gari lisilo na turbo linapoteza nguvu kwa kiasi kinachokaribia hicho, na hakuna filta duniani ya kuirudisha. Kigoma mjini afadhali kidogo, kwa sababu uso wa Ziwa Tanganyika uko kama mita 770. Hapo upungufu ni asilimia 8 au 9.

Gari la turbo linajitetea: turbo inazunguka kwa kasi zaidi na kujaza sehemu kubwa ya pengo, ila hewa inatoka ya moto zaidi. Kwa hiyo kama una turbo na unaishi huku, intakula (kipoza hewa inayotoka kwenye turbo) safi ina faida kuliko koni ya rangi nyekundu.

Ila kabla ya kulaumu mwinuko, kagua plagi, koili na presha ya pampu ya mafuta. Tumepokea Mark X "iliyolegea kwa sababu ya hewa ya Tabora" ambayo boksi lake la ea klina lilikuwa limejaa majani ya mwembe na maganda ya karanga, panya kajenga humo na watoto juu. Gari kama hilo halihitaji inteki mpya, linahitaji ufagio. Na angalia kama ile nyavu ndogo ya mdomoni ipo; wengi wanaing'oa wakidhani inaziba.

Vumbi linaathiri vipi uchaguzi?

Hili ndilo swali ambalo tungependa liulizwe la kwanza. Injini ya lita 2 bila turbo, kwenye mizunguko 6,000 kwa dakika, inameza hewa kiasi cha lita 6,000 kila dakika. Kwa namna nyingine, kila lita ya petroli unayochoma inakwenda na hewa inayokaribia lita 10,000. Hewa yote hiyo inapita kwenye filta yako, na kilichomo ndani yake mwezi wa Agosti unakijua, kwa sababu unakifuta kwenye dashibodi kila asubuhi.

Vumbi letu lina chembe za mchanga, na mchanga ni mgumu kuliko chuma cha silinda na ringi. Chembe zinazopita zinakaa kwenye utando wa oili na kusaga taratibu. Hutasikia kelele yoyote. Baada ya muda kompresheni inashuka, gari linaanza kula oili, eksozi inatoa moshi wa bluu asubuhi, na fundi anakwambia "ringi". Ringi zimekwisha kweli, ila kilichozimaliza kiliingilia juu.

Sasa angalia asilimia zinazoandikwa kwenye filta. Moja inazuia 99, nyingine 98. Unaona kama ni kitu kilekile. Ya kwanza imepitisha chembe moja katika mia, ya pili mbili. Injini ya pili inalishwa vumbi mara mbili! Ndiyo maana tunamwambia mteja atafute matokeo ya kipimo cha ISO 5011, ambacho ndicho kipimo cha kimataifa cha filta za hewa za injini: kinaonyesha filta inazuia kiasi gani, inabeba vumbi kiasi gani kabla ya kuziba, na inabana hewa kiasi gani. Muuzaji anayekuonyesha namba ya hewa inayopita peke yake amekuonyesha theluthi moja ya habari.

Karatasi, pamba yenye mafuta, sponji au kavu ya nyuzi: ipi?

Karatasi nzuri inachuja vizuri sana na ni rahisi kupatikana. Kwa gari la kila siku huku kwetu hatuoni aibu kuisema: karatasi ya kampuni inayoaminika, ibadilishwe kwa wakati.

Pamba yenye mafuta ndiyo iliyopewa jina kubwa na K&N, kampuni iliyoanzia California mwaka 1969. Inapitisha hewa vizuri na inaoshwa ikatumika tena. Uchujaji wake unategemea mafuta: yakikauka inapitisha vumbi, yakizidi yanaruka mpaka kwenye sensa ya hewa. Inamfaa mtu mwenye subira ya kuihudumia. Mtu anayeosha gari kwa kumtuma kijana wa kaoshi, hapana.

Sponji, kama ule uyoga wa HKS, Wajapani walioanza kazi mwaka 1973, ni kitu cha saketi na lami safi. Sauti yake ni tamu, hatubishi. Kwa njia ya kwenda vijijini usiifunge.

Kavu ya nyuzi za kisasa iko katikati, na kwa anayetaka filta ya kuosha ndiyo tunayoipenda zaidi, maana haina mafuta ya kuchafua sensa.

Fundi kanifungia bomba kubwa la inchi tatu. Sasa taa ya cheki injini inawaka na gari inamisi. Kwa nini?

Kwa sababu ya sensa ya hewa, ile yenye waya mwembamba unaopashwa moto. Sensa ile haipimi hewa yote. Inapima hewa inayoupita waya, kisha kontrol boksi (kompyuta ya injini) inakadiria jumla kwa kuamini kwamba bomba lina upana uleule wa kiwandani. Ukitoa bomba la milimita 70 ukaweka la 80, eneo la ndani limeongezeka kwa asilimia 30, hewa inapita taratibu kwa karibu robo, na sensa inaripoti hewa pungufu. Kontrol boksi inamwaga petroli kulingana na ripoti hiyo. Injini inapata hewa nyingi na mafuta kidogo.

Gari likiwa limesimama linaunguruma au kwenye mwendo wa kawaida, sensa ya eksozi inagundua na kontrol boksi inajaribu kurekebisha, ikishindwa inawasha taa. Hatari yenyewe iko kwenye resi ya mwisho, hasa turbo ikiwa inasukuma. Mchanganyiko mkavu unaleta joto na kugonga, na injini za EJ za Subaru hazisamehe kugonga: kingo zinazoshika ringi kwenye pistoni zinavunjika. Kutoka hapo ni kufungua injini.

Kwa hiyo, gari lenye sensa ya aina hiyo, nunua inteki iliyotengenezwa kwa modeli yako na yenye kikao cha sensa chenye upana wa kiwandani, au uwe tayari kupiga tyuni, yaani kupanga upya hesabu za kontrol boksi. Wapigaji tyuni wa kuaminika wengi wako Dar, zaidi ya kilomita 800 kutoka hapa. Weka safari hiyo kwenye bajeti tangu mwanzo. Wenye injini ya Toyota ya 1JZ ya turbo wana nafuu, kwa kuwa kontrol boksi yao inasoma presha ndani ya manifoldi (mabomba yanayogawa hewa kwenye silinda) na haijali upana wa bomba la mbele.

Na kabla ya kulaumu bomba, kagua ule mpira mdogo wa pumzi ya injini. Mafundi wengi wakikosa pa kuuchomeka wanauziba au kuuacha ukining'inia. Ukivutia hewa hapo, ni hewa isiyopimwa na isiyochujwa kwa pamoja.

Kwa gari la turbo faida si kubwa zaidi?

Kidogo, ndiyo. Kila presha inayopotea kabla ya turbo inabidi turbo ifanye kazi ya ziada kuifidia, na kazi hiyo inageuka joto. Kwenye gari lililoongezewa busti (presha ya turbo), bomba laini lisilo na kona kali mbele ya turbo lina maana. Kwenye Forester ya kiwandani yenye busti ya kiwandani, hutaona tofauti ya kukufanya umpigie rafiki simu.

Lile tundu la kwenye boneti la Subaru si ndilo linaingiza hewa kwenye injini?

Hapana, linapuliza intakula iliyolala juu ya injini. Hewa ya kuchoma inaingilia mbele, juu ya rejeta. Kuziba tundu hilo "ili vumbi lisiingie", kama tulivyoona mtu kafanya kwa turubai, ni kuinyima intakula pumzi.

Inteki ya chini kwenye bampa, na mvua zetu?

Usiifunge. Mvua zikianza Novemba, mitaro ya Ng'ambo na Isevya inahamia barabarani, na Kigoma maji ya mlimani yanateremka Mwanga kama yana haraka ya kuwahi ziwa. Matone kwenye filta hayana neno. Filta ikizama, injini inavuta maji, na maji hayabanwi. Pistoni inapanda, inakutana na kitu kisichobonyea, konrodi inapinda.

Ikitokea gari limezimika kwenye maji, usipige stata hata mara moja. Livuteni nje, fungua plagi zote, ndipo lizungushwe ili maji yatoke.

Nitajuaje kama ni feki?

Jina kubwa kwa bei ya kilo mbili za nyama ni jibu tosha. Zaidi ya hapo, bonyeza mpira wa shingo ya filta: wa feki ni mgumu kama plastiki na una kingo za gundi iliyomwagika. Inyanyue uelekeze juani uangalie mikunjo. Ikiwa haina mpangilio, au unaona kitobo cha mwanga kwenye maungio, irudishe. Kwenye bomba, angalia kikao cha sensa. Kikiwa kimechomelewa upande, sensa itakaa imeinama na itasoma uongo.

Unayeagiza Kariakoo na kupokea kifurushi stendi, omba picha ya video ya mzigo wenyewe kabla ya kutuma pesa, si picha ya tangazo.

Nisafishe mara ngapi? Fundi wangu anapuliza kwa kompresa kila wiki.

Mwambie apumzike. Filta ya karatasi yenye vumbi kidogo inachuja vizuri kuliko mpya kabisa, maana vumbi lililotangulia linasaidia kushika linalofuata. Na mdomo wa kompresa ukisogezwa karibu unapasua nyuzi. Tundu hulioni, vumbi linaliona. Ikibidi kupuliza, iwe kutoka ndani kwenda nje, kwa mbali, kwa presha ndogo. Anayekaa lami ya mjini anaweza kufuata kitabu cha gari. Anayekwenda vijijini kwa njia za vumbi akague kila oili inapomwagwa.

Ya pamba: osha kwa sabuni yake, suuza kutoka ndani, anika kivulini mpaka ikauke yenyewe. Tia mafuta yake kidogo kidogo kwenye migongo ya mikunjo, subiri nusu saa yasambae, jaza palipobaki peupe. Petroli na mafuta ya taa vinaharibu, na oili ya injini si mbadala.

Sensa ya hewa ina dawa yake ya kupuliza. Usitumie dawa ya kabureta, wala usiuguse waya kwa kidole au pamba ya masikio.

Kila ukifunga, pangusa ndani ya bomba baada ya filta kwa tishu nyeupe. Ikitoka na unga mwekundu, kuna mahali hewa inapita pembeni: boksi limepasuka, klipu haibani, au filta si ya saizi yake. Tishu hiyo ina maana kuliko namba zote za boksi.

Mimi nataka sauti tu, jamani.

Hiyo ni sababu halali, sema hivyo tangu mwanzo tusidanganyane na hosipawa. Subaru nyingi zina boksi la kuzima sauti ndani ya madigadi ya mbele. Kulitoa kunaongeza mvuto wa sauti huku filta na boksi la ea klina vikibaki vile vile. Ni kazi ya mchana mmoja, na inarudishika.

Ile "pshhh" ya kuachia resi ni habari nyingine: inatoka kwenye valvu ya turbo, si kwenye filta. Kwenye gari lenye sensa ya hewa, ukiielekeza nje, unatupa hewa iliyokwisha kupimwa. Petroli inabaki nyingi, moshi mweusi, na wakati mwingine gari linazima ukikaribia taa.

Nikifunga mpya, ea klina ya zamani niuze?

Usiuze. Ifunge kwenye mfuko na boliti zake zote, uiweke mbali na panya. Gari likileta shida, jambo la kwanza tutakalokuomba ni kuirudisha ili tujue kama kosa ni la inteki au la injini. Na siku ukiuza gari, mnunuzi mwenye akili ataiulizia, kwa sababu kuipata nyingine kamili ya modeli hiyohiyo, yenye klipu zote nne na bila ufa, inaweza kukutembeza Ilala nzima.